Mshika Tochi

Ibra, mwezi wa saba. Saa tatu za usiku
na ukuta wa uani ungali unatema joto la adhuhuri;
ukiuegemea unabanduka kama chapati.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mshika tochi.
Khelef chali kando ya pikipiki, mimi nimeinama juu yake:
"Mwanga, Thuwaiba! Si huko. Huku!"
Nikausogeza. Mkono ukafa ganzi
nami nikidhani nimeitiwa kumulika tu.
Kumbe jicho nalo huiba.

Khelef hayupo. Pikipiki ipo,
na Yahya, mwenye haraka za babake bila mikono yake,
aliipeleka Sinaw sokoni Alhamisi,
akakwama Mudhaibi nyuma ya lori la mbuzi,
mwendo wa konokono, upepo hakuna,
mshale ukapanda hadi kwenye wekundu.
"Lakini niliongeza maji, mama."
Maji gani?
"Ya bomba."

Ya bomba! Yale yanayoliachia birika langu
ganda jeupe la kugongwa kwa kijiko.

Sikumgombeza. Nilingoja.
Tangu magharibi hadi watu walipotoka isha
nilikuwa nikiweka kiganja juu ya injini
kama napima homa ya mtoto.
Nalijua kovu la Khelef, umbo la kunde,
chini ya saa yake ya mkono:
siku aliyofungua kofia ya rejeta kwa hasira,
njia ya Bidiya,
na rejeta ikamjibu.

Ilipopoa nikaifunika kofia kwa kipande cha dishdasha kuukuu,
nikaizungusha robo, nikasikiliza, nikamalizia.
Kilichotoka chini kilikuwa rangi ya chai iliyolala.
Bakuli nikalifunika papo hapo: paka wa Ruzuna
hupenda ule utamu, na utamu wenyewe ni sumu.

Nikasuuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa.
Mpira wa chini, nilipoubinya, ulilia kama kiatu kipya.
Nyufa. Nikaubadilisha.
Mapezi ya rejeta yalijaa mchanga na mabawa ya panzi;
nikayachokoa moja moja kwa sindano
ile ile ninayotobolea kofia za watu za Idi.
Kofia na kofia. Basi riziki yangu ni kofia.

Kisha maji ya kijani, nusu kwa nusu, taratibu.
Nikaiwasha ikiwa mdomo wazi,
ikashikwa na kwikwi, povu, kwikwi,
nami nabinya mipira, naongeza, nabinya,
mpaka hewa yote ikatoka na maji yakatulia.
Nikafunga. Nikaingojea feni.

Feni haikuwaka.

Mshale ukapita nusu. Feni kimya.
Nikazima.
Nikalala chali pale pale alipokuwa akilala yeye;
sijui sakafu imeshika umbo lake
au ni mgongo wangu tu unaotafuta mambo.
Nikamulika fyuzi: nzima.
Nikamulika swichi: nzima.
Si huko.
Huku, nyuma ya rejeta, waya mmoja,
kichwa chake kimeota kutu ya kijani
kama dele lisilosuguliwa tangu harusi.
Nikakikwangua kwa sindano, nikakichomeka,
nikawasha tena, mshale ukapanda, ukapanda,

basi, Ruzuna, wewe uliyesimama mlangoni
ukapiga hodi mara tatu, ukasalimia,
ukaondoka umenuna:
mkono mmoja ulishika waya,
wa pili ulikuwa na sindano,
na tochi nilikuwa nimeing'ata.

Wa alaykumu salaam, jirani.
Feni imewaka.